Karai, mwalo, susu au bakuli: kipi kikushikie unga wa dhahabu?

Nianze na habari mbaya kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba: kwetu hakuna dhahabu ya kuokota. Visiwa hivi ni chokaa ya matumbawe, udongo na mchanga. Ukikaa mwaka mzima unaosha mchanga wa Mto Mwera utakachopata ni mikono misafi. Dhahabu yetu iko shingoni mwa maharusi na ndani ya makabati ya vioo ya masonara. Anayetaka kuitoa mwenyewe kwenye mchanga lazima apande boti bandarini Malindi, hapa mjini Unguja, aende bara.

Mimi hupanda mara moja kwa mwaka, skuli zikifungwa. Boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Mbeya, halafu kama kilomita 70 za kupanda na kushuka milima mpaka Chunya, ambako shemeji yangu ana eneo lake. Dhahabu ya Lupa, ndiyo machimbo ya upande huo wa Chunya, ilionekana huko mwaka 1922, na miaka ya 1930 watu walifurika kuosha mchanga wa makorongo. Hao ndio waliookota vipande vya kuonekana kwa macho. Sisi wa leo wametuachia unga: punje za ukubwa wa chumvi laini, na nyingine ndogo zaidi, zinazong'aa mara moja karai likiinama kisha zikapotea.

Kila nikirudi, kwenye baraza huulizwa swali lile lile. "Mwalimu, na mie nataka kujaribu. Ninunue nini?" Jibu langu huwa refu kuliko kahawa, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Kabla ya chombo, karatasi

Huko bara, Sheria ya Madini haijui maneno "najifurahisha tu". Kuchimba au kuosha bila leseni ni kosa, hata ukiwa na karai moja na mwanao wa miaka kumi. Mimi huosha ndani ya eneo la shemeji, mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, kwa idhini yake. Tunachopata huuzwa kwa jina lake kwenye soko la madini la Chunya, ambalo limekuwapo tangu 2019. Sirudi Unguja na dhahabu mfukoni. Narudi na picha na mgongo unaouma. Kama huna mwenyeji mwenye leseni, anzia ofisi ya Afisa Madini Mkazi, si dukani.

Kuna jambo la pili linalobadilisha uchaguzi wa chombo chenyewe. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito. Ile picha ya mtu aliyesimama katikati ya kijito, maji yanampita miguuni na sanduku lake liko ndani ya mkondo, wewe isahau. Sisi huteka maji, tukaoshea mbali kwenye shimo tulilochimba na mapipa mawili, na maji yale yale yakazunguka. Kwa hiyo chombo kinachokula maji mengi ni tatizo hata wakati wa mvua.

Unga hupotea vipi

Mama zetu wanajua kuosha dhahabu, ila hawajaambiwa. Mchele wenye mawe unatiwa maji kwenye sufuria, unatikiswa, kisha unamiminwa kidogo kidogo kwenye chombo cha pili. Mchele unakwenda na maji, mawe yanabaki chini. Kazi yote ya dhahabu ni hiyo. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati mchanga mweupe wa kawaida una gramu 2.65 tu, kwa hiyo dhahabu inauzidi zaidi ya mara saba. Ukiitikisa vizuri haina budi kuzama.

Lakini unga una tabia zake. Kwanza ni bapa. Kipande bapa hupeperuka ndani ya maji kama jani la mkungu, ilhali kokoto nyepesi lakini kubwa inazama mbele yake. Ndiyo maana mchanga usiochekechwa unapoteza unga: maji yanayotosha kusukuma kokoto yanatosha pia kubeba unga. Pili, mafuta. Punje ndogo ikikauka au ikiguswa na mafuta ya vidole huelea juu ya ngozi ya maji, mfano wa wale wadudu wanaotembea juu ya dimbwi. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo linatosha kuizamisha. Tatu, mchanga mweusi. Sehemu kubwa yake ni madini ya chuma yenye uzito wa gramu 5 hivi kwa ujazo ule ule, nao hujikusanya pale pale dhahabu inapojikusanya. Mchanga mweupe ukishaondoka, mapambano halisi yanabaki kati ya hawa wawili.

Kutokana na hilo la tatu nilijifunza jambo ambalo lingeniokolea pesa mwanzoni. Kuna vyombo vya kukusanya, vinavyopunguza ndoo thelathini za mchanga zikabaki nusu ndoo ya mchanga mzito. Na kuna vyombo vya kusafisha, vinavyotoa dhahabu ndani ya ile nusu ndoo. Watu wengi wanalinganisha chombo cha kazi hii na chombo cha kazi ile, kisha wanalalamika kimoja hakifai.

Vipimo vyangu

Kila chombo nimekiuliza maswali matano: kinapitisha mchanga kiasi gani kwa siku, kinashika unga vizuri kiasi gani, kinataka maji na nguvu gani, mzigo wake na mfuko, na kinamchukua mgeni muda gani kukizoea.

La kushika unga nililipima nyumbani Unguja. Nilichukua chubwi ya mshipi, risasi ile ya wavuvi, nikaisaga kwa tupa. Risasi ina gramu 11.3 kwa ujazo ule ule wa sentimita moja, ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo chombo kinachoshika unga wa risasi hakitashindwa na dhahabu yenye ukubwa huo huo. Nilihesabu vipande hamsini, nikavigonga kwa nyundo viwe bapa. Mchanga wa mtoni nikauiga kwa mchanga uliobaki kwenye ujenzi na vumbi la grinda kutoka kwa fundi wa mageti, ambalo lilishika nafasi ya mchanga mweusi. Ukifanya hivi usitumie beseni la kulia chakula, na unawe mikono. Risasi ni sumu. Mke wangu alilisema hili kwa ukali zaidi kuliko ninavyoliandika hapa.

1. Karai

Nasema karai kwa maana pana: liwe la plastiki lililotengenezwa kwa kazi hii, lenye ngazi upande mmoja, au karai la chuma la mafundi wa zege.

*Kiasi.* Kidogo. Siku yangu nzuri ni makarai thelathini mpaka arobaini, baada ya hapo magoti yanakataa. Shemeji anafika mbali zaidi na huku anapiga soga.

*Kushika unga.* Hapa karai ni wewe mwenyewe. Mara ya kwanza, kati ya vipande hamsini vya risasi, nilirudisha thelathini na moja. Baada ya wiki mbili za kukaa uani kila jioni nikawa nafika arobaini na sita. Chombo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuzungusha na nikaanza kutikisa: karai likiwa sawa, limezama majini, tikisa kushoto na kulia kwa nguvu mpaka mchanga wote ulegee kama uji, ndipo uinamishe na kuruhusu maji yalambe safu ya juu tu. Ukiona umebakiwa na vijiko viwili, simama. Vile vijiko viwili usivimalizie hapo kwa pupa jua likiwa kali.

*Maji na nguvu.* Beseni moja linatosha, umeme hauhitajiki. Maji yakiwa tope zito yabadilishe, kwa sababu unga hauzami upesi ndani ya tope.

*Mzigo na mfuko.* Linaingia kwenye begi la nguo, na la kawaida bei yake haifiki nauli ya boti ya kwendea tu. La chuma liweke kwanza juu ya moto mpaka mafuta ya kiwandani yaungue. La plastiki lisugue kwa mchanga na sabuni. Tofauti yao nyingine: kwenye la plastiki unaweza kupitisha sumaku ukanyanyua mchanga mweusi, kwenye la chuma sumaku itang'ang'ania karai lenyewe.

*Kuzoea.* Siku moja kuelewa, msimu mzima kuaminika.

Linamfaa anayeanza, anayepita siku mbili tatu, na anayetafuta mahali pa kuchimba kabla ya kuchimba. Linamfaa vilevile mwenye kila chombo kingine, kwa sababu hakuna kati ya hivyo vitatu vingine kinachokumalizia kazi bila karai mwishoni.

2. Mwalo

Huu ndio mfalme wa Chunya: ubao mrefu wenye kuta mbili, umelazwa kwa mteremko, juu yake zulia. Mchanga na maji vinapita, kilicho kizito kinanasa kwenye manyoya. Wetu una urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita thelathini hivi.

*Kiasi.* Hapa hauna mpinzani. Watu wawili, mmoja akichekecha na mmoja akilisha, wanapitisha kwa asubuhi moja kile ambacho karai lingekula siku nne.

*Kushika unga.* Inategemea mteremko na ulishaji, nami nina ushahidi. Safari yangu ya pili niliutega mwalo peke yangu. Nikaona maji yanakwenda polepole, nikanyanyua kichwa chake kwa tofali zima. Ukawa mzuri kutazama: maji yanavuma, kokoto zinaruka, zulia linabaki safi. Nikalisha ndoo kumi na mbili bila hata kuchekecha vizuri, nikijisifu. Mchana shemeji akaja na karai lake, hakusema kitu, akachota kwenye rundo la mchanga uliotoka chini ya mwalo, akachuchumaa kwenye beseni. Dakika tatu. Kisha akaniita.

"Shemeji, hebu njoo uone unachokimwaga."

Kwenye ukingo wa karai palikuwa na mkia mwembamba wa njano, urefu wa kucha ya kidole kidogo. Akachota tena mahali pengine, mkia mwingine. Zulia langu lilikuwa safi kwa sababu halikushika kitu.

Toka siku ile ninafuata mambo matatu. Mchanga wote upite kwanza kwenye wavu wa dirishani, ule wa kuzuilia mbu. Kinachobaki juu ya wavu kinatazamwa kwa macho kisha kinatupwa. Mteremko uanze kwenye sentimita 6 mpaka 8 kwa kila mita ya ubao, halafu maji yarekebishwe, si tofali. Na zulia lisomwe: likijaa mchanga mweupe, maji ni machache, likiwa tupu kama langu, ni mengi mno, likibaki na ukungu wa mchanga mweusi sehemu ya juu huku mweupe ukiendelea na safari, acha hivyo hivyo usiguse. Chini ya ubao weka beseni la kupokea kinachotoka, na kila ndoo tano chota kidogo ulioshe kwa karai. Mwalo usiokaguliwa unakuibia kimya kimya.

Kuhusu kitambaa: manyoya mafupi yaliyosimama yanashika unga kuliko manyoya marefu yanayolala. Sehemu ya juu kabisa sisi tunaweka kipande cha mpira wenye mistari, ule wa kukanyagia kwenye gari, kwa sababu ni rangi nyeusi na dhahabu ya kwanza inaonekana pale pale. Ni ya kufurahisha moyo zaidi kuliko ya kitaalamu, nakubali.

*Maji na nguvu.* Hapa ndipo wengi wanaanguka. Unataka mkondo usiokatika, na kwa kuwa hatuuweki ndani ya kijito, ni pampu ndogo ya petroli au vijana wawili wenye ndoo wasiochoka. Maji yanayozunguka yanazidi kuwa mazito kila saa, kwa hiyo unahitaji mapipa mawili: la kutuamia na la kuvutia.

*Mzigo na mfuko.* Ubao wenyewe seremala yeyote anautengeneza huko huko, na usiubebe kutoka Unguja. Gharama iko kwenye pampu na mafuta yake.

*Kuzoea.* Siku mbili za kuutega, ukiwa na mtu wa kukuonyesha. Bila mtu, tazama hadithi ya tofali hapo juu.

Unawafaa watu wawili au zaidi, wenye wiki nzima, na eneo ambalo karai limeshathibitisha kuwa lina kitu. Hauwafai wanaohama kila siku.

3. Susu

Jina nimelipa mimi, nadhani linastahili. Ni sanduku linalotikiswa kama susu ya mtoto. Juu kuna trei yenye matundu. Unamwaga mchanga, unamimina maji kwa kata, unatikisa. Kokoto zinabaki kwenye trei, mchanga unaanguka juu ya kitambaa kilichoinama, halafu unapita juu ya zulia fupi ukitoka nje. Waliokimbilia dhahabu ya California mwaka 1849 walikitumia sana.

*Kiasi.* Katikati, zaidi ya karai na chini ya mwalo.

*Kushika unga.* Kitambaa kile kilichoinama kinakamata sehemu kubwa, mradi mkono usiwe na hasira. Mtikiso uwe mfupi wenye kishindo kidogo mwishoni, si wa kubembeleza na si wa kugombana. Mchanga ukigandamana kwenye zulia, unga unapita juu yake kama gari juu ya lami.

*Maji na nguvu.* Ndiyo sifa yake. Ndoo chache zinazozungushwa, mkono mmoja unatikisa na mwingine unamimina. Chunya mvua huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili au Mei. Mimi likizo yangu ya Juni inaniangukia kiangazi, makorongo yamekauka na maji yananunuliwa kwa dumu. Hapo pampu inageuka pambo.

*Mzigo na mfuko.* Seremala na misumari, hakuna injini. Ni zito kidogo kubeba, jepesi kuliacha kwa mwenyeji.

*Kuzoea.* Nusu siku.

Inamfaa anayekwenda peke yake wakati wa kiangazi na hataki kelele ya pampu. Kasoro yake haimo kwenye maswali yangu matano: inachosha akili. Ukishatikisa saa tatu utajikuta unatunga mashairi.

4. Bakuli la maji ya kuzunguka

Hiki ni chombo cha kusafisha, si cha kukusanya. Ni bakuli pana lenye koni iliyosimama katikati na tundu juu ya koni. Pampu ndogo inaingiza maji kwa pembeni, maji yanazunguka taratibu na kupanda kuelekea tundu. Mchanga mwepesi unanyanyuka na kutoka kwenye tundu, dhahabu inabaki inatambaa chini.

*Kiasi.* Kijiko kwa kijiko. Nusu ndoo ya mchanga mzito itakula mchana mzima.

*Kushika unga.* Kwa unga mdogo kabisa, ule ambao mkono wangu kwenye karai unautetemesha, sijaona cha kukishinda. Lakini kina masharti kama mganga. Lazima kikae sawa kwa kipimo cha maji cha fundi. Lazima mchanga uingie ukiwa umegawanywa kwa ukubwa: kwanza ulio chini ya milimita 0.6, kisha chini ya 0.3, kisha chini ya 0.15, kila fungu peke yake na kasi yake ya maji. Ukichanganya, punje kubwa za mchanga mweusi zinabaki na unga na umerudi ulikoanza. Chekeche ndogo kiasi hicho hazipatikani sokoni kirahisi. Mimi natumia kitambaa cha wanaochapa fulana, kimewambwa kwenye fremu ya mbao. Na tone la sabuni usilisahau.

*Maji na nguvu.* Ndoo moja inayozunguka. Pampu ni ile ya volti 12 ya kutolea maji kwenye boti za uvuvi, na betri ya pikipiki au ya sola inaiendesha. Hili ndilo jambo pekee ambalo sisi wa visiwani tuna nafuu kuliko watu wa Chunya: pampu za boti tumezizoea, na tunajua kuzitengeneza zikiziba.

*Mzigo na mfuko.* Bakuli lenyewe huagizwa, na kwa chombo cha plastiki bei inauma. Rafiki yangu wa Wete amelitengeneza la kwake kwa sufuria pana ya plastiki na faneli iliyogeuzwa. Linavuja kidogo, linafanya kazi.

*Kuzoea.* Jioni mbili kwa risasi ya chubwi, na utakuwa tayari.

Linamfaa mwenye mchanga mzito mwingi uliokwisha kukusanywa, mwenye mikono isiyotulia, na mzee ambaye mgongo haumruhusu kuchuchumaa lakini anaweza kukaa kwenye kigoda na kijiko chake. Asiye na mwalo wala susu nyuma yake atakuwa na mashine nzuri isiyo na cha kula.

Kuhusu zebaki

Utaambiwa. Karibu kila mtu huko atakuambia kuwa unga mdogo haushikwi bila zebaki. Kweli inaushika: unamimina tone, linanyonya dhahabu, unachoma tonge, zebaki inageuka mvuke kwenye nyuzi 357 na dhahabu inabaki. Sikuiweka kwenye ulinganisho kwa makusudi. Mvuke ule unaingia kwenye mapafu yako na ya mtoto aliyesimama karibu, na unaharibu mishipa ya fahamu. Inayobaki kwenye mchanga inakwenda majini, inaingia kwenye samaki. Mkataba wa dunia wa kuipunguza, wa mwaka 2013, umepewa jina la Minamata, mji wa pwani ya Japani ambako watu waliokula samaki kila siku, kama sisi, walisumishwa na zebaki ya kiwanda, na ugonjwa wenyewe ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mtu wa kisiwani akishalijua hilo sidhani kama atahitaji maelezo zaidi. Ukishasafisha vizuri kwa karai au bakuli, dhahabu na mchanga kidogo uliobaki huyeyushwa pamoja kwa boraksi, dawa ile ile ya masonara. Boraksi inavuta uchafu juu, dhahabu inatulia chini kama kitufe. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wamefanya hivyo miaka mingi.

Jambo moja la sumaku, kwa vile linawapoteza wengi. Mchanga mweusi ukaushe, sumaku ivishe mfuko wa plastiki, ipitishe juu bila kugusa. Kinachonyanyuka kiangushe kwenye sahani nyingine na ukipitie mara ya pili na ya tatu, maana chuma kikishikana kinabeba na unga ndani yake. Ami yangu, sonara, alinicheka nilipomwambia nilikuwa nakitupa kilichonyanyuka mara ya kwanza bila kukirudia. "Mwanangu," aliniambia, "mie sijatupa taka za dukani mwangu toka nimeanza kazi." Anazifagia, anazitia kwenye kopo, na mwisho wa mwaka anazichoma na kuziosha.

Sasa wewe uko wapi?

Kama hujawahi kwenda na hujui kama utaipenda kazi hii, chukua karai la plastiki, wavu wa dirishani na bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kufyonza punje. Fanya mazoezi ya chubwi nyumbani mpaka urudishe arobaini na tano kati ya hamsini mara tatu mfululizo. Usipofika hapo, safari yako itakuwa ya kuirudisha dhahabu mchangani.

Kama unakwenda Juni au Julai, peke yako au na mtoto, susu na karai. Usidanganywe na bei ya chini ya pampu iliyotumika. Hakuna maji ya kupampu.

Kama mko watatu, ni Disemba, mvua zimeanza na mwenyeji ana shimo na mapipa, mwalo ndio wenu. Gawaneni kazi: mwenye haraka achekeche, mwenye subira alishe. Mchanga mzito wa kila siku uwekeni kwenye ndoo yake yenye kifuniko, na jioni msiuoshe. Uoshwe siku ya mwisho, mchana, mikono ikiwa imepumzika.

Kama tayari una mwalo, unapata mchanga mzito mzuri, na kila mara ukimalizia kwa karai unaona mkia unaondoka na maji, hapo ndipo bakuli linalipa bei yake. Kabla ya hapo, hapana.

Na kama uko kwa shemeji ambaye amechoka kukaribisha wageni wa Unguja kila Juni, mbebee karafuu na pweza mkavu. Mimi mwaka huu nimekatazwa kugusa tofali, lakini pweza ameliwa na kitanda nimetandikiwa.